Kidole Kimoja cha Mzee Maganga

Tiketi yangu ilikuwa ya Kigoma. Ninyi mnaoanza kazi hii ya kuwafuata wagonjwa majumbani, ni vizuri mjue mapema kwamba aliyewatangulia hakuitwa na Mungu wala hakuisomea. Alishuka kwenye treni.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na cheti cha kidato cha nne. Tangu niondoke kwetu Handeni sikuwahi kukaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili. Nilikata mkonge Korogwe, nikawa utingo wa malori Dodoma, nikauza mitumba Morogoro. Mama alikuwa akisema miguu yangu haijui kukaa. Kigoma nilikuwa nakwenda kwa sababu moja tu: sikuwahi kufika.

Kwenye behewa la daraja la tatu, kiti cha mbele yangu, alikaa mama mmoja wa Ng'ambo, Tabora, jina lake Bi Mwamvua. Mumewe alikuwa amelala, kichwa kwenye mapaja yake. Walikuwa wanatoka hospitali Dar es Salaam.

"Wametuambia turudi nyumbani tukapumzike," aliniambia, na nikaitikia vizuri, kama mtu aliyesikia habari njema. Sikuwa nimeijua bado lugha ya hospitali.

Tulipoiacha Dodoma, vidonge walivyopewa vilikuwa vimekwisha. Kila gurudumu lilipogonga maungio ya reli, yule mume aliuma pindo la kanga ya mkewe. Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo, kama mlango usiotiwa mafuta, na sauti hiyo haikukoma. Mwanzoni abiria walisema pole. Baadaye wakanyamaza. Baada ya Manyoni kijana mmoja aliongeza sauti ya redio yake. Nilimchukia sana, mpaka nilipogundua kwamba nami nilikuwa nimeshukuru.

Tabora nilishuka ili kusaidia kumbeba, nikidhani nitawahi kurudi. Tulimweka kwenye mkokoteni juu ya godoro. Tulipofika kwao Ng'ambo nikasikia honi ya treni. Begi langu likaenda Kigoma bila mimi.

Ndani ya nyumba ile alikuja muuguzi mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akiitwa Sista Restituta. Alimsalimia mgonjwa, akamshika mkono, akamwambia: "Ngumi ni kwamba huumwi. Vidole vitano ni maumivu yasiyo na mfano. Nionyeshe." Yule bwana akafungua mkono wote. Sista akatoa chupa ndogo, akavuta dawa ya maji kwa bomba la sindano lisilokuwa na sindano, akamdondoshea mdomoni. Kisha akakaa, akaomba chai.

Haikupita saa moja, mume wa Bi Mwamvua akauliza kama kuna uji.

Nilitoka nje nikasimama karibu na karo. Ndani ya treni nilikuwa nimeogopa, lakini pale ndipo niliposhtuka kweli. Kumbe dawa ilikuwapo. Muda wote ule, tunapita Manyoni, tunapita Itigi, redio inaimba, dawa ilikuwapo ndani ya chupa ambayo mtu angeweza kuificha kwenye kiganja.

Sista alinikuta hapo nje. "Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana. Ni abiria."

"Unajua kuendesha pikipiki?"

"Najua."

"Una leseni?"

"Sina."

"Basi hujui. Utajua."

Nilikaa miaka kumi na minane.

Kazi yenyewe mtaizoea. Mofini, ile dawa ya maji ya Sista, inakaa kwenye sanduku la kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Sista na mmoja kwa daktari, na kila tone linaandikwa. Mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne, kwa saa wala si kwa kuugua. Dawa hii inafunga choo, kwa hiyo kwenye begi langu hazikukosekana mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Watu hudhani kazi hii ni kukaa na wanaokufa mkizungumza mambo ya mbinguni. Nusu ya mazungumzo yangu yote yalihusu choo. Mpira wa ndani wa tairi, kamba, na koti la mvua msiviache hata kiangazi. Barabara ya Ulyankulu ina mchanga unaokunja usukani, na ya Nzega ina malori yanayotaka barabara yote. Mgongo wangu unayakumbuka mashimo yale kwa majina.

Sista alinifundisha kusikiliza bila kutazama saa, kunywa chochote nilichopewa, na kutosema "utapona". Alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote, na aliniandikia kwa mkono wake juu ya jalada la daftari langu: *Muulize mgonjwa mbele ya anayemtunza.* Sababu yake ilikuwa nzuri. Anayetunza akijua kiasi cha maumivu, hatasahau dawa, wala hatamwambia mgonjwa anadeka. Alijifunza hivyo chuoni, na yeye ni mtu wa Bukoba. Mimi ni Mzigua. Nayasema haya kwa sababu yana kazi huko mbele.

Ulyankulu nilikuwa na Mama Konsolata, mjane, mkulima wa tumbaku, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Saratani ilikuwa kwenye titi na imehamia mgongoni. Rozari ilikuwa shingoni mwake mchana na usiku, na ulimi wake ulikuwa mkali. Siku ya kwanza alionyesha vidole vinne. Mara ya pili vinne. Mara ya tatu, pamoja na kuongezewa dawa, vinne.

Nilijaribu kumfariji kwa maneno niliyoyasikia kwa paroko. Nilisema Bwana naye aliteswa.

"Aliteswa Ijumaa moja, mwanangu," alisema. "Mimi huu ni mwezi wa saba." Akafikiri kidogo. "Simlaumu. Nasema tu."

Mgonjwa wangu mwingine wa wakati huohuo alikuwa kaskazini, Lusu, wilaya ya Nzega. Huyu alikuwa Mzee Maganga, mkulima wa mpunga, mrefu, mifupa mitupu, saratani ya tezi dume imemwingia kwenye nyonga. Mwanawe alikuwa machimboni Kahama. Aliyemtunza ni mke wa mwanawe, Mama Kulwa, mwenye mapacha wachanga. Mdogo wake mzee alikuja asubuhi kumwogesha, akaondoka. Siku nzima iliyobaki ilikuwa mzee na mkwewe.

Siku ya kwanza nilifika nikamkuta mzee yuko peke yake kitandani, kimya kabisa. Nikasikia kutoka mbali mtu anagonga ndoo kwa kikombe, ko, ko, ko, akija taratibu kupitia shamba la mihogo. Ni Mama Kulwa anatoka kisimani. Nikaona huyu ni mama mchangamfu, anajipigia ngoma. Alipiga magoti kunisalimia, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa mzee, uso ameuelekeza uani. Hakuingia. Dawa niliyomwachia baadaye aliiweka kwenye kigoda kando ya mlango, na mzee aliifikia kwa mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mzigua."

Macho yakamwaka. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani.

"Ala. Babu yangu alipita kwenu na pembe ya ndovu kichwani," alisema. "Mkampa maji ya matope."

"Aliyanywa?"

"Aliyanywa."

"Basi alikuwa na kiu kuliko haya."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha nikafuata sheria. Nikamwita Mama Kulwa asogee asikie, nikaeleza ngumi na vidole, nikamuuliza mzee maumivu yako wapi na yanafika vingapi. Alitazama ukuta kidogo. Akainua kidole kimoja.

"Kimoja tu?"

"Babu yangu alikuwa mpagazi," alisema. "Anayelia njiani anawaongezea wenzake mzigo."

Nikamgeukia Mama Kulwa. "Usiku analala?"

"Analala," alisema, bado anautazama ua.

Niliandika: kidole kimoja, analala. Nilimwachia dawa ya kiwango cha chini kabisa. Miezi mitatu nilikwenda Lusu kila baada ya wiki mbili, na kila mara ilikuwa hivyohivyo: ndoo inagongwa, mama anakaa kizingitini, tunataniana, ninauliza, kidole kimoja. Alikuwa anakonda, lakini wote wanakonda. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu, nikadhani ni joto la bati. Nilimpenda kuliko wagonjwa wote. Nilimwona ni mtu aliyeyashinda maumivu kwa moyo wake, na nikaanza kuamini kwamba labda hiyo ndiyo maana yake: yapo ili tujue nani ana moyo.

Nami sikukaa na wazo hilo kimya. Nililibeba hadi Ulyankulu. Mama Konsolata aliponionyesha tena vidole vinne, nikamwambia kwa upole kabisa: "Mama, kuna mzee Lusu, ana ugonjwa kama wako kwenye mifupa. Kidole kimoja tu. Jikaze kidogo."

Aliniangalia, akashika rozari. Safari iliyofuata alionyesha viwili. Nilifurahi. Niliandika: maumivu yamepungua.

Mwezi wa nne nilifika Lusu sikusikia ndoo. Jirani akaniambia Mama Kulwa amewapeleka mapacha kliniki. Nikaingia, nikasalimia, nikatoa daftari.

"Mkwe yuko wapi?" aliuliza mzee.

"Kliniki, na watoto."

"Atarudi saa ngapi?"

"Nasikia saa nane."

"Sasa saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Funga mlango."

Nikafunga. Mzee akavuta shuka, akaliweka mdomoni, akaliuma, na ndani ya chumba ikatoka sauti ile niliyoiacha kwenye treni. Mlango usiotiwa mafuta. Nilikuwa nimesimama na kalamu mkononi na sikujua la kufanya na kalamu. Alipomaliza, kama dakika tano hivi, alitoa shuka, likiwa limetoboka. Nikaona kwamba lilikuwa na matundu mengine, mengi, yaliyoshonwa vizuri kwa uzi mweupe.

"Niulize sasa," alisema.

"Mzee, vidole vingapi?"

Akafungua mkono wa kulia wote. Kisha akafungua na wa kushoto.

Ujinga wangu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilimsahihisha. "Mzee, kipimo ni vidole vitano."

"Mmekuja na kipimo cha mkono mmoja," alisema. "Mungu kanipa miwili."

Nikakaa chini, sakafuni. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla sijaja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, mimi mtani wake, ambaye angeweza kuniambia lolote hata kunitukana.

"Wewe uliniuliza lini?" alisema, pumzi fupifupi. "Unaniuliza habari ya kiuno na mkojo, mke wa mwanangu amekaa pale. Kila ukija, unamwita asogee asikie vizuri. Nikasema huyu Mzigua ni utani, atakoma. Hukukoma. Huko kwenu mnavua nguo mbele ya wakwe?"

Sikuwahi kuoa. Miguu isiyojua kukaa haiozwi. Sikuwahi kuwa na mkwe wa kupishana naye njiani nikainamisha macho, wala baba mkwe wa kutokula mbele yake. Ningekuwa nimeoa hata mwaka mmoja, Mzigua, Mnyamwezi au Mhaya, ningejua siku ya kwanza. Mtoto wa miaka kumi Lusu angejua. Mimi nilikuwa na daftari.

Nilitoka nje kutafuta mtandao, nikapanda kwenye kichuguu, nikampigia Sista Restituta. Nilimweleza.

"Peke yake?" aliuliza. "Ulimuuliza peke yake ndipo akasema?"

"Ndiyo, Sista."

"Nimefundisha hivyo miaka kumi na moja," alisema polepole, na si mimi aliyekuwa akimwambia. Kisha sauti yake ikarudi kazini. "Usiondoke. Nampigia daktari."

Alinipigia akanipa kiwango kipya. Nilitazama simu. Tangu nipande kichuguu hadi nipate jibu zilikuwa dakika kumi na mbili. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko sauti ile, kuliko mikono miwili. Miezi mitatu na zaidi, na dawa ya kumtosha ilikuwa umbali wa dakika kumi na mbili. Nilikuwa nimeibeba hiyo dawa mgongoni kila nilipokwenda, nikaketi nayo mita moja kutoka kitandani kwake, nikitania.

Nilimpa. Nikarudia baada ya muda niliopangiwa. Saa saba na nusu alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono umelegea nje ya kitanda. Nilichukua shuka lile nikalikunja. Nilitamani kuyahesabu matundu. Sikuthubutu.

Kesho yake nilikwenda Ulyankulu, upande wa pili kabisa, ingawa haikuwa zamu yake. Nilimwomba binti wa Mama Konsolata atuache. Sikuuliza kwanza. Nilimwambia kwamba yule mzee wa kidole kimoja nilimsema uongo. Ni mikono miwili.

"Ulinilinganisha na mwanamume," alisema Mama Konsolata. "Nikasema kama yeye anaweza kimoja, mimi na Bwana wangu tunashindwaje? Nikafunga viwili. Niliviita sadaka." Akafungua mkono, vitano. "Sadaka gani hii ya kusingiziwa. Leta dawa."

Alikunywa, akaniambia niende zangu, na nikifika kwa huyo mzee nimpe pole kutoka kwake, maana wote wawili wameteswa na mtu mmoja. Hakuwa anatania.

Mzee Maganga aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Niliomba ruhusa nikawa nakwenda kila baada ya siku tatu. Alitolewa nje akaota jua. Alikula michembe ya viazi vitamu na karanga. Kwa Mama Kulwa hakusema neno juu ya dawa mpya wala yeye hakuuliza, lakini niliona kisima chake kimekuwa karibu, anakwenda na kurudi upesi, na ndoo haigongwi tena. Sikulifikiria. Nilikuwa bado sijajifunza kufikiri.

Siku moja tukiwa wawili nilimuuliza swali lililokuwa likinisumbua. "Mzee, wewe umeyabeba. Yana maana gani?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye daftari ni wewe."

"Daftari halina."

Alitafuna karanga taratibu. "Nilipokuwa nayo sikuwa na nafasi ya maana," alisema. "Babu alituambia, mpagazi chini ya mzigo haoni nchi. Anaona visigino vya aliye mbele yake. Ametembea toka huku mpaka pwani, ukimuuliza njiani umeona nini, anasema visigino. Akitua, ndipo anaona kumbe kuna milima." Akanyoosha kidevu kuelekea shambani. "Ule mpunga wa jirani umeota vizuri. Nimeuona jana."

Sijapata jibu bora kuliko hilo, kwa paroko wala kwa shehe, na nimeuliza wengi.

Nilipata habari ya kifo chake nikiwa Kanyenye, Tabora mjini, natengeneza pikipiki. Nilifika Lusu wakati wa kuzika. Mtani msibani ana kazi yake: anawachekesha wafiwa, anamwiga marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Baada ya kuzika wazee wakaniita katikati ya uwanja. "Mtani, tuonyeshe Maganga alivyokuwa."

Nilimwiga anavyokaa, anavyosafisha koo kabla ya kutukana Wazigua. Walicheka. Kisha mdogo wake akasema, "Na wewe ukimuuliza, daktari?" Kijiji kizima kilikuwa kinajua habari ya kidole, ilikuwa fahari yao. Mkono wangu ukainuka wenyewe, nikatazama ukuta ambao haukuwapo, nikatoa kidole kimoja. Uwanja mzima ukaangua kicheko, wengine wakifuta machozi kwa kicheko hichohicho. Katikati ya wanawake nilimwona Mama Kulwa. Hakucheka. Alisimama akaondoka.

Nilimkuta nyuma ya jiko, anaosha masufuria. Nikamwomba radhi. Akasema siyo hilo.

"Kisima kipo pale, kaka," alisema, akaonyesha kwa mkono wenye povu. Kilikuwa hatua mia moja hivi. "Mimi nilikuwa nakwenda kile cha ng'ambo ya mto."

"Kwa nini?"

"Ili apate nafasi."

Sikuelewa, au sikutaka.

"Nilimsikia siku ya kwanza nilipowahi kurudi," alisema. "Tangu siku hiyo nakwenda mbali, nakaa. Nikirudi nagonga ndoo toka kwenye mihogo, ajue nakuja, anyamaze, ajifute. Shuka nilikuwa nashona mimi. Yeye analitupa chini ya kitanda, mdogo wake analitoa na nguo chafu, mimi nafua, nashona, linarudi. Hatujawahi kuliongea."

"Nilikuuliza kama analala. Ukasema analala."

"Ningekuambia nimemsikia baba mkwe wangu akilia?" Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tujuane. "Ningemvua nguo mbele ya mgeni. Nilikuwa naomba tu siku moja uje nisipokuwapo. Wewe ulikuwa unanisubiri. Ukifika kabla sijarudi, unakaa unanisubiri. Ndiyo maana siku ile nikawapeleka watoto kliniki. Haikuwa siku yao."

Aliendelea kuosha. Wale wawili walikuwa wamefanya kazi kubwa ya heshima ndani ya nyumba ile, kila siku, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo mwenzake alilijua, na kitu pekee walichohitaji ni mtu wa nje aulize swali moja mlango ukiwa umefungwa. Mtu huyo alikuwepo, analipwa kwa hiyo, na alikuwa ameandikiwa juu ya daftari asifanye hivyo.

Sista Restituta alilichukua daftari langu nilipomsimulia. Alikata sheria yake kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka, akaandika chini yake: *Kwanza peke yake.* Alizunguka miezi miwili akiwarudia wagonjwa wote, wa kwangu na wa wengine, akiwaomba wanaowatunza watoke nje. Vidole vilivyofunguka hakuwahi kunitajia idadi. Alirudi kila jioni akiwa amechoka, hanywi hata chai.

Hiyo ndiyo kesi ninayowaachia. Nyingine zipo, zimo kwenye madaftari.

Sikustaafu kwa umri, nina arobaini na saba. Niliwaambia watu wa ofisini nimechoka vumbi. Ukweli ni kwamba pingili za kiuno zimekwisha, daktari alinionyesha kwenye picha, na kwa miaka miwili nilikuwa napanda pikipiki kwa kuinua mguu wa kulia kwa mkono. Sikumwambia mtu. Kuna wagonjwa.

Siku niliyoondoka, Sista alikuja stesheni. Naye amestaafu siku nyingi, anatembea kwa fimbo, miwani bado ina uzi. Alikuja na Neema, binti aliyechukua pikipiki yangu na daftari langu. Treni ya Kigoma ilikuwa imesimama mbele yetu, watu wanapandisha magunia. Begi langu jipya lilikuwa begani.

"Mgongo vipi?" aliuliza Sista.

Neema alikuwa ananitazama. Nikainua kidole kimoja.

Sista alikitazama kile kidole muda mrefu. "Neema," alisema, "hebu nenda kaniulizie treni inafika saa ngapi."

Neema aliitazama treni. Akanitazama mimi. Akasema, "Haya, Sista," akaenda mpaka mwisho wa jukwaa, akasimama kule akiwa ametupa mgongo. Huyu atafaa.

"Sasa uko peke yako," alisema Sista.

Nilifungua mkono wote. Kisha nikatua begi chini, nikafungua na wa pili.